Kupiga picha za wanawake kwa ushirikiano: mwongozo kamili, kuanzia mazungumzo ya kwanza hadi picha ukutani

Picha ya ushirikiano ni ile ambayo mwanamke anayeonekana ndani yake ameamua aonekaneje, na hata baada ya kupigwa bado ana uwezo wa kusema "hii hapana" na neno lake likasimama. Kumpa kamera aishike dakika tano hakutoshi. Wapo wapiga picha wengi wanaomwachia mwenyewe abonyeze kitufe, kisha wanarudi nyumbani, wanachagua wao, wanahariri wao, wanaandika maelezo wao. Hapo ushirikiano uliishia kwenye kidole. Mambo yanayoamua mwanamke ataonekana nani mbele ya watu ni matatu: uteuzi wa picha, maneno yanayoandikwa chini yake, na mahali itakapopelekwa. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwa hayo kuliko kwa lenzi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja kama ya A. C. Gomes na ya J. B. Coutinho ziliuza kadi za posta zenye picha za wanawake. Chini ya nyingi iliandikwa kabila au "aina" ya mwanamke, jina lake hakuna. Kadi hizo zimo hadi leo katika mikusanyo ya Ulaya na Marekani, na wengi waliosimama mbele ya kamera zile hatuna tena njia ya kuwajua. Baadaye zikaja studio za mitaani: Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, studio ya N. V. Parekh Mombasa, na ya Omar Said Bakor Lamu. Huku mambo yaligeuka kwa sababu moja rahisi: anayepigwa ndiye aliyelipa. Alichagua nguo, akachagua shoga wa kusimama naye, akaondoka na nakala yake. Leo, katika miradi ya mashirika, magazeti na maonyesho, anayelipa si yule anayepigwa. Nguvu aliyokuwa nayo mteja wa studio haiji yenyewe. Lazima muipange na muiandike.

Vifaa

Simu yenye kamera nzuri inatosha. Ukiwa na kamera, lenzi ya milimita 50 au 85 kwa kihisi kikubwa (kihisi ni kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga), au 35 hadi 50 kwa kihisi kidogo. Stendi imara ni ya lazima, kwa sababu mara nyingi hutakuwa nyuma ya kamera. Ongeza rimoti (ya waya ni ya kuaminika zaidi kuliko ya Bluetooth), ubao mweupe wa povu au manila nyeupe ya sentimita 60 kwa 90 hivi, kitambaa cheusi cha ukubwa huo huo, mkanda wa karatasi wa kuweka alama sakafuni, kioo cha urefu wa mtu, kadi ya kijivu (ya kusawazishia rangi baadaye), na stika ndogo za kijani na nyekundu. Kompyuta mpakato au tableti ya kutazamia picha papo hapo itakusaidia kuliko taa yoyote utakayonunua.

Hatua ya kwanza: kikao bila kamera

Kikao hiki kiwe siku tofauti na siku ya kupiga, angalau siku mbili kabla, na kamera ibaki nyumbani. Mkikutana siku hiyo hiyo, mwanamke anajikuta ameshavaa, ameshaacha kazi zake na wewe umeshafika na mizigo. Kukataa kunakuwa kugumu. Tenga saa moja hadi saa moja na nusu. Kwa mkubwa wako ni shikamoo kwanza, habari za nyumbani zifuate, na usiyaingie ya picha kabla hajakuuliza kilichokuleta.

Maswali yanayofungua mazungumzo ni ya vitu na watu, si ya "utambulisho". Ukimwuliza mtu "wewe ni nani?" atakupa jibu la kwenye fomu. Muulize hivi:

– Picha gani yako unaipenda mpaka leo? Nani aliipiga? Ipo wapi sasa?
– Picha gani yako huipendi, na kwa nini?
– Hapa mtaani wanakuita nani: Mama Fulani, fundi, mwalimu? Wewe ungependa picha hii ikuite nani?
– Kitu gani watu wakikuona hawakijui?
– Nani ungependa aione? Nani hutaki aione kabisa?

Swali la mwisho ndilo zito. Jibu lake linaamua karatasi ya ridhaa, mahali pa kuchapa na hata fundi wa kuhariri. Mwombe pia akuletee picha zake za zamani kama zipo. Picha ya harusi, ya kitambulisho, ya siku ya kumaliza shule: mtazame jinsi anavyozishika, na ni ipi anaigeuza kifudifudi haraka. Pale unajifunza upande gani wa uso anaupenda na mkao gani aliwahi kulazimishwa.

Kama yupo mtu mwingine chumbani, mume, mama mkwe au mratibu wa mradi aliyekuleta, majibu hubadilika. Usimfukuze mtu nyumbani kwake. Omba tu kikao cha pili kifupi mahali pengine: saluni, kazini kwake, au barazani kwa jirani.

Hatua ya pili: karatasi ya ridhaa

Fomu ya mstari mmoja inayosema "nakubali picha zangu zitumike" haifai kitu. Gawanya matumizi katika ngazi, kila ngazi na sahihi yake: picha za kwake na familia yake tu, picha za kuonwa na wanawake tu, maonyesho ya ukumbini, gazeti au kitabu, intaneti. Anaweza kukubali ya kwanza na ya tatu akakataa zingine. Isome kwa sauti, kwa Kiswahili anachokizungumza, hata kama anajua kusoma. Nakala mbili, moja ibaki kwake.

Ngazi ya "wanawake tu" wapiga picha wengi kutoka nje ya pwani huisahau, ilhali Lamu, Mombasa na Unguja ina maana ya kila siku. Katika kupamba na sherehe nyingine za wanawake, simu huzuiwa mlangoni kwa sababu hiyo hiyo. Ukiikubali ngazi hii, ikubali yote. Mpiga picha awe mwanamke. Mhariri awe mwanamke. Picha isitumwe kwa simu wala kuhifadhiwa kwenye hifadhi ya intaneti inayofunguliwa na ofisi nzima. Na uchapaji usifanyike duka la picha ambako kijana wa kwenye mashine ataziona zote zikitoka moja moja. Chapa kwa printa ndogo ya nyumbani au tafuta duka linaloendeshwa na wanawake. Ahadi nyingi zimevunjikia kwenye mashine ya kuchapia bila mtu kukusudia.

Fomu itaje muda. Miaka miwili ni kipimo kizuri, kisha unarudi kuuliza tena. Itaje pia jinsi ya kuondoa ridhaa: nambari ya kupiga, na siku ambazo utakuwa umeiondoa picha, tuseme 7. Mweleze kabla hajatia sahihi kwamba picha ya ukutani unaweza kuishusha leo, ya mtandaoni unaweza kuifuta upande wako lakini si kwa walioihifadhi, na kitabu kilichokwisha kuuzwa hakirudi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, na sheria ya Kenya inasema wazi kwamba ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote. Suala la hakimiliki nalo lisikae kimya. Andikeni ni ya nani, au kama ni ya wote wawili, na pesa ikija inagawanywa vipi.

Malipo ya muda wake na nauli yalipwe siku ya kupiga, kabla ya uteuzi. Ukilipa baada ya uteuzi, mwanamke ataogopa kukataa picha akidhani atakatwa. Mwambie kwa maneno: hata ukizikataa zote, pesa hii ni yako.

Hatua ya tatu: nguo, mahali na vitu

Hapa anaongoza yeye, wewe unatoa tahadhari za kiufundi tu. Mistari myembamba iliyobanana huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha. Nguo nyekundu au ya manjano kali hutupa rangi yake chini ya kidevu. Vitambaa vya kung'aa vinataka mwanga wa pembeni, si wa mbele.

Kanga inastahili maelezo yake, maana mwanamke anayechagua kanga kwa ajili ya picha mara nyingi ameshachagua na la kusema. Jina la kanga, yaani maandishi yake, hukaa sehemu ya chini ya mji (uwanja wa kati), katikati. Akijifunga kiunoni kwa kawaida maandishi yataangukia nyuma au kukunjwa. Mwulize kwanza kama anataka yasomeke. Akitaka, kanga ishikwe mbele, itandwe mabegani jina likiwa mgongoni naye akageuka, au itundikwe. Kamera ya mbele ya simu katika simu nyingi hugeuza picha kama kioo na maandishi yanasomeka kinyumenyume; zima mpangilio huo au tumia kamera ya nyuma. Ukitaka kanga iwe pazia la nyuma, moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, ambayo inatosha kichwa na mabega tu. Shona doti moja, ubavu mrefu kwa ubavu mrefu, upate 150 kwa 220. Itundike ikiwa imesimama kwa picha ya mtu mzima; maandishi yatabaki ya mlalo. Piga pasi. Mikunjo ya kanga mpya huonekana kuliko uso.

Vitu vya kushika vitoke kwake. Cherehani, mzani wa duka, daftari la kikoba, redio ya marehemu mama yake. Mpiga picha anayekuja na kikapu cha ukili na mtungi kwenye buti la gari ameshaamua picha itasema nini, na ameshaamua kwa niaba ya mtu ambaye huenda anafanya kazi benki.

Hatua ya nne: mwanga na ngozi

Tatizo la ngozi nyeusi kutoka vibaya ni la vifaa na mazoea, si la ngozi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, na yeyote asiyefanana naye alitoka kama kivuli chenye meno. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini kipimo chake bado hutaka kila kitu kiwe cha kijivu cha wastani. Hapo ndipo makosa manne ya kila siku yanapozaliwa.

Buibui jeusi likijaza fremu, kamera hudhani pana giza, inaongeza mwanga, na uso unaungua. Punguza mwangaza kwa 0.7 hadi 1.3 kwenye kipimo cha +/− cha kamera. Ukuta mweupe wa chokaa ukijaza fremu, kinyume chake: uso unazama. Ongeza 0.7 hadi 1. Ukipima usoni tu kwa ngozi nyeusi sana, kamera itaing'arisha hadi ionekane ya mtu mwingine. Punguza 1 hivi. Na ukipiga dirisha likiwa nyuma yake, utapata kivuli. Kwenye simu, gusa uso, shikilia hadi mwangaza ufungwe, kisha vuta chini kidogo kwa kidole mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Mwenyewe athibitishe kwa kushika simu kando ya kioo: "Ndivyo ulivyo?" Jibu lake lina uzito kuliko kipimo.

Mwanga mzuri kuliko wote ni wa mlango au dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Akae mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani, mwili ukielekea pembeni kwa nyuzi 45 hivi. Ngozi nyeusi hujengwa na mng'ao: chanzo kikubwa cha mwanga kikitoka pembeni huchora paji, shavu na mfupa wa shingo. Weka ubao mweupe upande wenye kivuli, sentimita 60 hadi 80 kutoka usoni, usogeze taratibu mpaka jicho la upande huo lionekane lina uhai. Ukitaka sura nzito zaidi, ondoa ubao uweke kitambaa cheusi. Mafuta kidogo ya nazi mikononi na usoni husaidia mng'ao. Poda yenye rangi isiyolingana hugeuka kijivu, hasa kwa fleshi.

Nje, saa moja hadi saa tatu asubuhi na saa kumi hadi karibu magharibi. Ukipanga jioni kumbuka alasiri, kisha magharibi. Mwanamke anayetazama saa kwa sababu ya sala atatoka na macho ya mtu anayetazama saa. Adhuhuri usiikimbie moja kwa moja: katika vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu jua hupiga ukuta wa juu wa upande mmoja, na mwanga unaodunda hadi chini ni laini ajabu. Tahadhari ni ukuta wenye rangi. Ukuta wa kijani hutia kijani usoni, na hilo ni gumu kuliondoa baadaye. Ndani ya nyumba zima taa zote za tyubu na balbu kabla ya kutumia dirisha, la sivyo nusu ya uso itakuwa ya samawati na nusu ya manjano. Piga fremu ya kwanza akiwa ameshika kadi ya kijivu.

Hatua ya tano: nani anabonyeza

Njia tatu zinafanya kazi. Ya kwanza, wewe unapiga yeye akiwa anajiona kwenye skrini iliyogeuzwa upande wake. Ya pili, yeye ana rimoti mkononi. Ya tatu, anampiga mwenzake na mwenzake anampiga yeye, ambayo kwa kundi la wanawake sita hadi wanane ndiyo inayotoa picha tulivu zaidi.

Njia ya rimoti ina mitego. Weka kamera juu ya stendi kwenye usawa wa macho yake, mita 2 kutoka kwake. Kamera ikiwa juu humfanya mdogo, ikiwa chini sana humfanya mnara. Weka alama ya mkanda sakafuni pale vidole vya miguu vinapokaa. Lenga macho yake akiwa amesimama pale, kisha hamisha kamera kwenye kulenga kwa mkono ili isitangetange. Sasa chagua uwazi wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kihisi kikubwa na umbali wa mita 2, f/1.8 inakupa kina cha takriban sentimita 17 tu kinachotoka bila ukungu, na mtu anayejipiga mwenyewe huyumba zaidi ya hapo. Kwa f/5.6 unapata karibu nusu mita. Tumia hiyo. Kasi iwe 1/125 ya sekunde au zaidi, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) panda hadi 1600 bila woga. Chembechembe si kosa, macho yaliyotikisika ndiyo kosa.

Rimoti huonekana mkononi na wengi huificha nyuma ya mgongo, bega likainuka. Iacheni ionekane kama mwenyewe anaipenda, maana inasema kweli kuhusu picha ilivyopatikana, au weka kuchelewa kwa sekunde 2 apate kuteremsha mkono. Simu iwe mita moja na nusu kutoka kwake kwa lenzi ya kuvuta mara mbili (2x). Lenzi pana ya simu ikiwa karibu kuliko sentimita 60 hukuza pua na kufinya masikio. Zima kabisa hali ya "urembo": katika simu nyingi huwa imewashwa toka dukani, na kazi yake ni kulainisha na kung'arisha ngozi bila kumwuliza mtu.

Toka chumbani. Mwachie dakika kumi na kioo, kamera na mlango uliofungwa. Hatua hii haihitaji ufundi wowote, ila inabadilisha picha kuliko lenzi ya shilingi milioni mbili.

Kila baada ya fremu kumi hivi simameni mtazame pamoja. Akisema "futa", futa mbele yake, kisha fungua pipa la picha zilizofutwa ufute na humo. Simu nyingi huziweka kwa siku 30.

Hatua ya sita: uteuzi

Usimteulie kwanza. Mpiga picha anayekuja na "tano bora" ameshaondoa tisini na tano peke yake. Chapa zote ndogo, picha 9 kwa kila karatasi ya A4, nakala mbili za kila karatasi. Yeye na seti yake na stika za kijani na nyekundu, wewe na yako, bila kuchunguliana. Siku mbili zipite kabla ya kukutana. Picha mtu anayoipenda dakika ya kwanza mara nyingi ni ile anayofanana na mtu mwingine.

Kisha wekeni karatasi sambamba. Kijani kwa wote wawili, imepita. Nyekundu yake ni nyekundu, hata kama kwako ndiyo picha ya maisha. Sehemu yenye faida kubwa ni pale mlipotofautiana: yeye kaweka kijani, wewe hukuiweka kitu. Mwulize anaona nini. Mara nyingi atakuonyesha kitu kidogo, namna ushungi ulivyokaa, mkono usioonyesha kovu, tabasamu ambalo ni la dada yake. Na wewe una haki ya kutetea chaguo lako, mara moja, kwa sababu za wazi: mwanga, macho, mpangilio. Mara ya pili inakuwa kushinikiza.

Wanawake wengi watachagua picha rasmi, waliyosimama wima wakitazama kamera, na kuacha ile ya "asili" waliyocheka kichwa kikiwa nyuma. Wapiga picha hulalamika kwamba ni mkao wa studio za zamani. Ndiyo, na una heshima yake. Mtu aliyezoea kupigwa akiwa hajajiandaa ana kila sababu ya kutaka kuonekana amejiandaa.

Hatua ya saba: uhariri

Kaeni pamoja, dakika 20 kwa picha moja zinatosha. Kwanza sawazisha rangi kwa fremu ya kadi ya kijivu, kisha mwangaza, kisha mkato. Ngozi isiguswe mpaka yeye aseme. Chunusi ya wiki hii anaweza kutaka iondoke. Alama ya kuzaliwa, chale au kovu ni uamuzi wake peke yake, kuondoka au kubaki. Akikuomba umng'arishe kuliko alivyo, mwonyeshe matoleo mawili yaliyochapwa kwenye karatasi, si kwenye skrini, na umwachie. Usimhubirie. Mara nyingi ombi hilo hutokana na kuona picha iliyotoka giza kuliko ngozi yake, na mwangaza ukirekebishwa ombi huisha lenyewe.

Picha ya mfano ichapwe kabla ya kazi yote. Karatasi hutoka nyeusi kuliko skrini, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza. Kwa kawaida utahitaji kuinua sehemu za kivuli kidogo.

Hatua ya nane: maneno chini ya picha

Rekodi kwa simu akiitazama picha na kusema inahusu nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lahaja yake. Kimvita, Kiamu au Kimakunduchi visisawazishwe kuwa Kiswahili cha kitabu. Mfupishe lakini usimwongezee, kisha msomee. Jina liandikwe analotaka yeye: la kwanza tu, la kazi, Mama Fulani, au la kubuni. Wengine hupenda kuandika juu ya picha yenyewe kwa mkono. Kwa hilo chapa kwenye karatasi isiyong'aa, acha ukingo mweupe wa sentimita 4, mpe kalamu ya rangi ya mafuta, na uwe na nakala tatu za ziada kwa sababu ya kwanza huharibika karibu kila mara.

Tafsiri kwa ajili ya wageni ije baada ya Kiswahili, kwa herufi zisizozidi ukubwa wake.

Asiyetaka uso wake uonekane

Huyu naye anaweza kuwa na picha kamili. Piga mikono yenye hina au piko, mgongo wenye jina la kanga, kivuli ukutani, nyuma ya pazia la neti, au akiwa na nikabu akitazama kamera moja kwa moja. Kumfunika uso kwa ukungu wa kompyuta baada ya kupiga ni njia mbaya: inaonekana kama picha ya mshukiwa, na faili halisi bado lipo. Angalia vinavyomtaja bila uso: pete, cheni yenye jina, mlango wa nyumba, sare ya shule ya mtoto nyuma, kibao cha duka. Zima kurekodi mahali (location) kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga, kwani viwianishi, yaani namba zinazoonyesha picha ilipopigwa, huingia ndani ya faili.

Yanayokwama

Shirika lililofadhili likitaka picha "yenye hisia zaidi", rudi kwenye fomu; ndiyo sababu iliandikwa, na fomu lazima iwe imetiwa sahihi na shirika pia. Mume akikataa baada ya mke kukubali, mwanamke ndiye anayejua gharama ya kuendelea, si wewe. Simamisha, mwachie aamue, usimsukume awe shujaa. Mwanamke akinyamaza kimya kila anapoulizwa maoni, huenda anakuheshimu mno. Mpe shoga yake akae naye kwenye uteuzi. Na kundi likiwa na mmoja anayeamua kwa wote, gawa karatasi za uteuzi wapeleke nyumbani.

Kukabidhi na kuhifadhi

Nakala zake ziwe za kwanza kuchapwa. Sentimita 13 kwa 18 ni kipimo cha albamu na fremu za madukani, na kinataka takriban pikseli 1,500 kwa 2,100. Ukimtumia kwa WhatsApp tuma kama hati, la sivyo picha hubanwa na hatapata ya kuchapa kubwa. Kwa maonyesho, sentimita 40 kwa 60, katikati ya picha ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na aalikwe siku moja kabla ya milango kufunguliwa, aione ikiwa ukutani wakati bado inaweza kushushwa.

Weka faili zilizokubaliwa katika folda moja na picha ya fomu yake ndani yake, ili yeyote atakayezifungua baadaye akutane na masharti kabla ya picha. Zilizopata nyekundu zifutwe kwenye kompyuta, kwenye diski ya akiba na kwenye memori kadi, kisha mpigie simu umwambie zimefutwa. Kwenye kalenda andika tarehe ya kurudi kumuuliza tena, na karibu nayo nambari yake pamoja na ya ndugu aliyemtaja, maana katika miaka miwili watu hubadili laini.